Watu wa kale walivaa shanga na dhahabu kwa sababu gani hasa? Mimi nasema ni majivuno tu

#1 Fundi Kipara
Wakuu, salaam. Nina hoja, nataka mnipinge, ila bila matusi.

Kuna makaburi ya kale pale Varna, Bulgaria, kando ya Bahari Nyeusi. Yaligunduliwa mwaka 1972 wakati wa kuchimba mtaro wa nyaya. Makaburi karibu 300, umri wake unazidi miaka 6,000, na humo ilitoka dhahabu ya kufuliwa kama kilo 6. Hakuna mahali pengine palipotoa dhahabu nyingi hivyo ya zamani hivyo. Sasa angalieni mgawanyo. Kaburi namba 43 peke yake, la mwanamume mtu mzima, lina kilo moja na nusu: bangili, pete, shanga, vibati vya kushonea kwenye nguo, hadi shoka lenye mpini uliovishwa dhahabu. Majirani zake wengi wamezikwa na chungu na kisu cha jiwe, basi.

Ninachosema: vito havikuanza kama urembo wala dini. Vilianza siku mtu mmoja alipotaka wenzake wajue kwamba yeye si saizi yao. Mengine yote yamekuja baadaye. Anayepinga aje na ushahidi, siyo "nilisikia".

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Wenye karanga wapitishe.

#3 Mama Kilifi
Fundi, umeanza kuhesabu tangu jana. Miaka 6,000 kwenye habari za shanga ni kitu kidogo sana.

Hapa kwetu Kilifi kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Ndiko alikozikwa yule mtoto mdogo ambaye watafiti walimpa jina la Mtoto, miaka 78,000 iliyopita. Humo humo imepatikana shanga ya konokono wa baharini yenye umri wa miaka 63,000 hadi 67,000. Nenda Afrika Kusini, pango la Blombos: vikonokono vidogo vilivyotobolewa, miaka kama 75,000. Panda hadi Moroko, pango la Bizmoune karibu na Essaouira: shanga 33 za konokono, miaka kati ya 142,000 na 150,000, na matundu yake yamelainika kwa kuning'inia kwenye uzi.

Niambie, tajiri wa wakati huo alikuwa na nini? Watu wanahama kufuata wanyama, hakuna shamba, hakuna ng'ombe, hakuna ghala. Majivuno ya nini?

#4 Mjukuu wa Mganga
Hapo kwa Mama Kilifi nasimama naye, ila naongeza. Ni KINGA. Mwili una milango: shingo, kifundo cha mkono, masikio, kiuno, kifundo cha mguu. Angalieni vito vinapokaa duniani kote. Ni hapo hapo. Mtoto mchanga hadi leo anafungwa kitu mkononi, na hakuna anayesema mtoto anaringa.

Wamisri wa kale walilifanya waziwazi. Maiti ilifungwa hirizi za mawe na dhahabu, kila moja na mahali pake. Juu ya kifua waliweka jiwe lenye umbo la mdudu mbawakawa, limechongwa maneno ya kuusihi moyo usimtolee mwenyewe ushahidi mbaya mbele ya mizani ya akhera. Ile ni kazi ya ulinzi, siyo mkufu wa harusi.

#5 Fundi Kipara
Mjukuu, hao uliowataja ni mafarao na wakubwa wao. Umenipigia pasi. Maskini wa Misri alizikwa na nini?

#6 Mjukuu wa Mganga
Na shanga za kuunguza! Ndiyo uzuri wenyewe. Wamisri walisaga mchanga mweupe, wakachanganya na chumvichumvi za magadi na unga wa shaba, wakatia kwenye tanuri. Ikatoka shanga ya buluu au kijani inayong'aa. Faiyansi. Makaburi ya watu wa kawaida yanazo. Hazikuwa ghali, walichotafuta ni rangi: kijani cha uhai, buluu ya mbingu na maji. Ingekuwa majivuno tu, nani angevaa kitu ambacho hata jirani anacho?

#7 Ng'wana Ziwa
Mnasahau jambo. Si binadamu wa aina yetu peke yake. Kule Krapina, Kroatia, wale binamu zetu Neandatali waliacha kucha 8 za tai, umri kama miaka 130,000. Zina alama za kukatwa na sehemu zilizosuguana mpaka zikalainika, kwa hiyo wachunguzi wanaona zilivaliwa. Kwa hiyo kabla hamjatafuta sababu kwenye mila za fulani na fulani, jueni tabia hii ni ya zamani kuliko kabila lolote.

#8 Siti ya Mbele
Kucha za tai shingoni. Huyo alikuwa bodaboda wa kwanza.

#9 Mzalia wa Lodwar
Naomba nafasi kidogo, maana mimi ni wa huku Turkana na watu hupita na magari yao bila kujua wanapita wapi.

Magharibi ya ziwa kuna mahali panaitwa Lothagam. Miaka kati ya 5,000 na 4,300 iliyopita wafugaji wa kwanza wa eneo hili walijenga makaburi ya pamoja pale. Mvua zilikuwa zinapungua, ziwa linarudi nyuma, mchanga unabaki. Walitengeneza jukwaa la mawe lenye upana wa mita 30 hivi, katikati wakachimba shimo, wakazikana humo kwa vizazi na vizazi. Taarifa ya utafiti ya mwaka 2018 inakadiria watu wasiopungua 580. Walipomaliza, shimo likajazwa, likafunikwa kwa mawe, wakasimamisha nguzo juu.

Sasa Fundi, sikiliza. Waliozikwa pale ni wanaume, wanawake, wazee, hata watoto wachanga. Na karibu KILA MMOJA ana pambo lake. Shanga za mawe ya rangi, kijani, pinki, zambarau. Shanga za ganda la yai la mbuni. Pete za meno ya kiboko. Hakuna kona ya wakubwa, hakuna kaburi namba 43. Mmoja wao alikuwa na kitu cha kichwani kilichotengenezwa kwa meno ya panya wa jangwani. Meno 405, ambayo lazima yalitoka kwa panya wasiopungua 113.

Hiyo ni kazi kubwa ya jumuiya, jengo kubwa, mapambo kibao, na hakuna mfalme. Iweke kwenye nadharia yako uone inapokaa.

#10 Tumbaku Kali
Panya 113? Huyo mtu hakuwa na kazi nyingine?

#11 Mzalia wa Lodwar
@Tumbaku Kali, alikuwa nayo, ya kuchunga. Ukichunga una muda. Njoo ujaribu uone unatega wangapi.

#12 Sonara wa Mtaa
Mimi ni fundi wa dhahabu, kazi nimeirithi, basi niseme kwa upande wa mikono.

Mnaishangaa sana dhahabu. Dhahabu haimsumbui fundi. Inayeyuka, inakubali nyundo, unaifua mpaka inakuwa bati jembamba kama karatasi, na haishiki kutu. Kazi ngumu ni jiwe. Watu wa bonde la Indus, Pakistani ya leo, miji kama Harappa na Chanhudaro, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, walitengeneza shanga ndefu za akiki nyekundu. Kwanza jiwe linaokwa polepole ili wekundu utoke. Kisha linachongwa, halafu linatobolewa kwa urefu wake wote kwa kekee ya jiwe gumu zaidi, unazungusha, unamwagia maji, unazungusha. Shanga moja ndefu ilikula siku kadhaa za kutoboa tu. Ukifika katikati ikapasuka, umekula hasara yote. Na shanga hizo zimekutwa Ur, Iraki, ng'ambo ya bahari.

Maoni yangu: vito ni AKIBA. Siku nyingi za kazi zimekazwa ndani ya kitu kinachoenea kwenye kiganja, hakiozi, unakimbia nacho. Wateja wangu wakubwa ni akina mama. Wananunua baada ya mavuno, wanakuja kuuza Januari ada za shule zikifika. Hakuna anayesema anaringa wala anajikinga na jini.

#13 Bi Mkubwa wa Pangani
Hodi jamani. Nawasoma tangu asubuhi, wanaume watupu mnaongelea vitu vya wanawake.

Bibi yangu alikuwa na shanga za kiunoni, nyuzi kwa nyuzi. Hakuna aliyejua rangi zake isipokuwa babu. Zinavaliwa ndani ya nguo, usiku zinasikika. Sasa Fundi Kipara, hayo majivuno anaoneshwa nani? Na wewe Sonara, akiba gani ile, shanga za kioo za bei ya maandazi?

Na msidhani ni mambo ya pwani peke yetu. Misri kulikuwa na binti wa mfalme anaitwa Sithathoryunet, karibu miaka 3,800 iliyopita. Vito vyake vilipatikana Lahun mwaka 1914. Mna mshipi wa kiunoni wa simbi zilizotengenezwa kwa dhahabu, tupu ndani, na ndani yake wametia vipande vidogo vya madini ili akitembea vilie. Vilie! Fundi aliyetengeneza alijua anachotengeneza.

#14 Tumbaku Kali
Bi Mkubwa, fafanua hapo kwenye "usiku zinasikika". Ni kwa ajili ya elimu.

#15 Bi Mkubwa wa Pangani
Kamuulize mkeo. Kama hajui, nenda kwa somo wake ukalalamike.

#16 Siti ya Mbele
😂😂 Moderata usifunge uzi, tafadhali.

#17 Kalamu Nyeusi
Nirudishe mjadala kwenye yai la mbuni alilogusia wa Lodwar, maana hapo pana jambo zito.

Shanga za ganda la yai la mbuni ni kati ya vitu vya kwanza ambavyo mtu alivitengeneza kutoka mwanzo hadi mwisho. Konokono Mungu amekwisha kumpa umbo, wewe unatoboa tu. Ganda la yai unalivunja vipande, unatoboa tundu, unamenya kingo kidogo kidogo, kisha unatunga nyingi pamoja na kuzisugua kwenye jiwe lenye mfereji hadi ziwe duara sawasawa. Kwa hiyo ukubwa na unene ni uamuzi wa mtu, na huo uamuzi unaweza kupimwa.

Mwaka 2022 watafiti wawili, Jennifer Miller na Yiming Wang, walichapisha vipimo vya shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya Afrika Mashariki na Kusini, za kipindi chote cha miaka 50,000 iliyopita. Kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, za huku na za kusini zinafanana kwa vipimo, ingawa umbali unazidi kilomita 3,000. Kisha mfanano unakatika. Wao wanaeleza kwamba hali ya hewa ilibadilika, mvua kubwa zikahamia eneo la katikati, bonde la Zambezi likawa kizuizi.

Kwa hiyo shanga zilikuwa UNDUGU. Mpaka juzi juzi Wajuǀʼhoansi wa Kalahari walikuwa na desturi ya hxaro: nakupa ushanga leo, hunilipi leo, unanipa kitu mwakani, na katikati sisi ni watu. Ukame ukija kwangu, nahamia kwako na hakuna anayeniuliza nimetoka wapi. Ushanga ulikuwa ni bima.

#18 Fundi Kipara
Kalamu, hapo umeruka shimo. Kufanana kwa vipimo hakuthibitishi kufahamiana. Yai la mbuni ni lile lile kila mahali, kidole cha binadamu ni kile kile. Mafundi wawili wasiojuana wanaweza kutoa shanga sawa. Na hxaro ya karne ya 20 huwezi kuipeleka nyuma miaka 50,000 kwa miguu.

#19 Kalamu Nyeusi
Ingekuwa yai na kidole ndivyo vinavyoamua, zingeendelea kufanana hata baada ya ule wakati wa miaka 33,000 iliyopita. Hazikuendelea. Za kusini zilipotokea tena zilikuwa ndogo, za huku zikabaki kubwa. Yai ni lile lile, kidole kile kile. Nini kilibadilika?

Hoja ya hxaro nakubali ni mfano, si ushahidi.

#20 Ng'wana Ziwa
Na Fundi, turudi kwenye Varna yako, maana umetusimulia nusu. Yapo makaburi pale ambayo hayana maiti kabisa. Baadhi yana uso wa udongo tu, umewekewa hereni na vibati vya dhahabu pale kwenye macho na mdomo. Na mengine matupu yamo kati ya yale yenye utajiri mkubwa. Hapo aliyekuwa anaringa ni nani? Udongo?

#21 Fundi Kipara
Aliyeringa ni aliyebaki hai! Maiti hajizikii. Anayezika na dhahabu anawaambia majirani, "sisi tunaweza kuitupa hii ardhini". Nenda msiba wowote wa wenye nazo uone jeneza, halafu urudi hapa. Hilo makaburi matupu yanalikazia, hayalipunguzi.

#22 Mama Kilifi
Hapo kwa kweli umejibu vizuri, sikupendi lakini umejibu vizuri.

Ila niwape kesi nyingine isiyo yako wala ya Mjukuu. Ur, miaka kama 4,500 iliyopita. Leonard Woolley alichimba makaburi ya kifalme miaka ya 1920. Kuna malkia Puabi: kichwani taji la majani ya dhahabu, kifuani shanga za dhahabu, akiki na lile jiwe la buluu la lapis lazuli lililotoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Na muhuri wake una jina lake mwenyewe bila kutaja mume, hilo wanawake mlichukue.

Shimo jingine la pale lilikuwa na maiti 74, na 68 ni wanawake, watumishi. Wengi wao nao wamevaa riboni za dhahabu au fedha na majani kichwani, mtindo mmoja. Hao si matajiri. Hao wamevishwa. Kwa hiyo kuna wakati kito ni SARE ya kazi, kinasema wewe ni wa nani, si una nini.

#23 Mjukuu wa Mganga
Sare mpaka kaburini. Mungu atuepushe na waajiri wa namna hiyo.

#24 Mhenga wa Rufiji
Wadogo zangu, mbona mnazunguka dunia na mnatuacha sisi? Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za kioo za Kirumi kutoka huku delta ya Rufiji. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kile cha Bahari ya Eritrea, kinautaja mji wa biashara wa Rhapta, pwani hii yetu, na kinasema walileta vitu vya kioo na vya chuma, wakachukua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Tulikuwa sokoni tangu zamani.

#25 Ng'wana Ziwa
Mzee shikamoo. Rhapta iko kwenye maandishi, sawa. Lakini wapo wataalamu wasiokubaliana na Profesa Chami kuhusu umri wa zile shanga na zimetoka wapi. Tuseme mjadala uko wazi.

#26 Mhenga wa Rufiji
Marahaba. Ungekuwa wazi hivyo hivyo zingekutwa Ugiriki?

#27 Kalamu Nyeusi
Mzee ana pointi yake. Someni kisa cha Meroe, Sudan. Mwaka 1834 Mwitaliano Giuseppe Ferlini alibomoa piramidi la malkia Amanishakheto akakuta bangili na pete za dhahabu zenye kazi ya kioo cha rangi, kazi ya kukaa nayo chini. Akazipeleka Ulaya kuuza, watu wakasita, hawakuamini zimetoka Afrika. Leo zimegawanywa, nusu Munich, nusu Berlin. Piramidi limebaki kifusi.

#28 Mzalia wa Lodwar
Na kuhusu thamani, al-Masudi, Mwarabu msafiri wa karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji wa pwani hii walijipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha. Dhahabu waliijua. Baadaye dhahabu ya bara ya kusini ilipita Sofala na Kilwa kwenda ng'ambo. Kwa hiyo Sonara, akiba ya nani? Chuma kinashika kutu, na bado walikipenda.

#29 Sonara wa Mtaa
Chuma kilichofuliwa vizuri nacho kilikuwa mali, mkuu. Kigeuze kikuku leo, kesho jembe, keshokutwa mkuki. Jaribu hivyo na mkufu wa dhahabu ulime nao.

Halafu Misri, pale Gerzeh, zimekutwa shanga 9 za chuma za miaka 5,200 hivi iliyopita, kabla hawajajua kuyeyusha chuma. Ni chuma cha kimondo, kimefuliwa bati na kuviringishwa kuwa kijibomba. Zilitungwa uzi mmoja na dhahabu na mawe. Kwa fundi yule chuma kilikuwa adimu kuliko dhahabu.

#30 Mjukuu wa Mganga
Kimetoka MBINGUNI. Nimemaliza.

#31 Tumbaku Kali
Swali la kijinga: walivaa shanga kabla ya nguo?

#32 Ng'wana Ziwa
Si la kijinga. Kuna waliopima kwa chawa. Chawa wa nguo alitengana na chawa wa kichwa, na vinasaba vinaonesha ilikuwa si chini ya miaka 83,000 iliyopita, pengine 170,000. Kwa hiyo nguo na shanga zinakaribiana, huwezi kusema nani mkubwa.

#33 Tumbaku Kali
Chawa shahidi. Haya. Sonara, nina pete ya akiki, niliuziwa na mtu anayepita na sinia, alisema ni ya Yemen. Nitajuaje kama ni jiwe kweli?

#34 Sonara wa Mtaa
Iguse na ulimi au shavu: jiwe ni la baridi, plastiki haina ubaridi ule. Kisha chukua chupa tupu, kwaruza kwa jiwe. Akiki inachora kioo, ila kioo hakichori kioo chenzake vizuri. Ila ikichora bado haimaanishi wekundu ni wake, mawe yanapakwa rangi, na si leo. Pliny Mrumi aliandika habari za mawe kuchemshwa kwenye asali ili yapendeze.

#35 Tumbaku Kali
Imechora. Ila na yenyewe imemeguka pembeni.

#36 Sonara wa Mtaa
Umekwaruza kwa pembe ya jiwe au kwa ubapa? Piga picha karibu, pale palipomeguka, uiweke hapa. Kioo na jiwe havimeguki sawa.